MAMBO YA NYUMBANI: Makao ya Samaki wa Dhahabu

Jumamosi moja, yapata saa nane mchana, karani mmoja wa mtaa wa Jericho, katika upande wa Mashariki wa Nairobi, alirudi nyumbani akiwa ameshika mfuko mwangavu uliojaa maji, na ndani ya maji hayo walikuwamo samaki wawili wekundu wenye kung'aa mfano wa sarafu mpya. Alikuwa amemwahidi binti yake wa miaka tisa kwamba akifanya vizuri katika mtihani atapewa zawadi, na mtoto akatimiza upande wake. Pamoja na samaki, muuzaji alimpa bakuli la kioo la mviringo, lipatalo ukubwa wa boga, na kikopo kidogo cha chakula.

Nyanya wa mtoto, ambaye alikuwa amekuja mjini kutibiwa macho, alisogeza uso wake karibu na bakuli, akawatazama kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Mwanangu, hawa watatosha kitoweo cha nani?" Watu wote wakacheka, na nyanya naye akacheka, lakini swali lake halikuwa la upuuzi. Katika mitaa hiyo samaki ajulikanaye ni yule anayekaangwa jioni kando ya njia, mafuta yakichemka katika karai. Samaki wa kutazamwa tu ni mgeni.

Mama akajaza bakuli maji ya bomba, samaki wakatiwa ndani, likawekwa juu ya kabati karibu na redio. Siku ya pili maji yakawa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Mama akayamwaga yote, akalisugua bakuli kwa sabuni, akatia mengine. Jumanne samaki mmoja alionekana akielea ubavu, na kabla ya Ijumaa wa pili akamfuata mwenziwe. Mtoto alilia sana, maana alidhani amewaua yeye kwa kugongagonga kioo. Baba alimlaumu muuzaji. Muuzaji alipoulizwa aliyalaumu maji. Mama hakumlaumu mtu, ila alitaja kwa sauti ya chini kwamba maji yaliyomwagwa wiki hiyo yangalitosha kufulia sare za shule.

Hayo yametokea, na hutokea, katika nyumba nyingi sana, wala si Jericho peke yake. Yapasa kueleza kwa nini, kwa kuwa samaki hao hawakufa kwa ugonjwa, wala kwa laana, wala kwa kidole cha mtoto. Walikufa kwa sumu ya mkojo wao wenyewe, na yale maji mapya ya bomba yakamalizia kazi.

Kwanza ni vema kumjua mgeni mwenyewe. Samaki wa dhahabu asili yake ni Uchina. Wazee wake walikuwa samaki wa kawaida wa mito na mabwawa, wenye rangi ya kijivujivu, na mara moja moja kati yao alizaliwa mmoja mwenye rangi ya manjano au nyekundu. Wachina waliwachagua hao wenye rangi, wakawatenga katika mabwawa yao na kuwazalisha, nao walikuwa wakifanya hivyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, sawasawa na mkulima achaguavyo mbegu ya mahindi kutoka katika gunzi lililo bora. Baadaye samaki hao walifika Japani, na katika karne ya 17 wakafika Ulaya. Kwa hiyo yule anayeogelea katika bakuli si kitu cha kuchezea kilichotengenezwa juzi. Ni mfugo wa kale, kama kuku au ng'ombe, na mfugo hudai banda.

Tena mfugo huyu hukua. Muuzaji humwonyesha mnunuzi samaki wa urefu wa kidole, wala hasemi kwamba samaki wa mkia mmoja, akitunzwa vema, aweza kufikia sentimeta 20 na kupita. Wale wanene wa mikia miwili hubaki wafupi kidogo, lakini nao hujaa kiganja cha mtu mzima. Umri wao pia huwashangaza wengi. Miaka 10 ni jambo la kawaida, na wengine hupita 20. Huko Uingereza palikuwa na samaki mmoja aliyeitwa Tish, ambaye mtoto mmoja alimpata kama tuzo katika michezo ya maonyesho mwaka 1956, na samaki huyo hakufa mpaka mwaka 1999, akiwa na umri wa miaka 43. Mzazi anayemnunulia mtoto wake samaki wa dhahabu basi ajue kwamba, akifuata njia iliyo sawa, huenda samaki huyo akawapo siku mtoto atakapomaliza chuo.

Sasa turudi kwenye bakuli. Mkulima ye yote atalifahamu jambo hili upesi kuliko karani, kwa sababu ni habari ya samadi. Samaki alapo chakula hutoa uchafu, na sehemu kubwa ya uchafu huo hutoka katika mashavu yake anapopumua, nao huitwa amonia. Ni ile harufu kali inayochoma pua katika banda la kuku lisilofagiliwa. Mtoni uchafu huo huchukuliwa na maji na kupotea. Lakini katika bakuli la lita nane hauna pa kwenda. Samaki hukaa ndani ya choo chake, akikinywa na kukipumua, mpaka mashavu yake yanaungua.

Mwenyezi Mungu aliweka dawa ya jambo hilo. Wako vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, ambavyo hula amonia na kuigeuza kuwa kitu kiitwacho nitriti. Nitriti nayo ni sumu. Ndipo huja vijidudu vya aina ya pili, ambavyo huigeuza nitriti kuwa nitrati, na nitrati haimdhuru samaki isipokuwa ikizidi sana. Wakulima wanaijua nitrati, maana imo katika mbolea ya chumvichumvi wanayoinunua kwa magunia. Vijidudu hivyo hukaa juu ya mawe, katika kuta za chombo, na hasa katika sifongo ya chujio, lakini haviji kwa siku moja. Huchukua majuma manne hadi sita kuongezeka mpaka vitoshe kazi. Mama wa Jericho alipolisugua bakuli kwa sabuni aliviua hata vile vichache vilivyokuwa vimeanza. Alifanya kwa usafi, kama alivyofundishwa tangu utoto wake, na hapo ndipo ugumu wa kazi hii ulipo: ule usafi ulio sifa njema jikoni huwa mauti katika makao ya samaki.

Karani yule hakutaka mambo yaishe kwa kilio. Aliambiwa kazini kwamba katika mtaa wa Maringo, hatua chache tu kutoka kwake, yuko mzee mmoja mstaafu wa reli ambaye amefuga samaki wa dhahabu miaka mingi. Jumapili alasiri akamshika mtoto mkono, wakaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Huyu ndiye aliyefiwa?"

Mzee hakuwa na tangi la kioo. Alikuwa na nusu ya pipa la plastiki la buluu, lililokatwa kwa msumeno na kulainishwa kingo zake, likiwa barazani chini ya kivuli cha paa na kufunikwa kwa wavu wa waya. Ndani yake samaki wanne wanene walikuja juu mara walipouona mkono wake. Mtoto alinyamaza kimya, akapiga magoti, hakuinuka mpaka walipoitwa kunywa chai.

Pipa hilo lastahili kuelezwa kwa urefu, kwa sababu wengi huacha ufugaji huu wakidhani hauwezekani bila tangi la fahari. Samaki wa dhahabu hahitaji fahari, ahitaji nafasi. Kadiri ya chini kwa samaki mmoja wa mikia miwili ni lita 75 hivi, na kila mwenzake anayeongezwa aongezewe lita 40. Samaki wa mkia mmoja, ambaye ni mwogeleaji wa mbio, anataka kupita hapo, na mahali pake hasa ni kidimbwi cha bustani. Pipa zima la plastiki huchukua lita 200 na kidogo, kwa hiyo nusu yake huchukua kama lita 100, nalo hukaribia tu kutosha samaki wawili wa mikia miwili. Mzee mwenye samaki wanne alikiri kwamba wake wamebanana, na kwamba anatafuta pipa la pili.

Pipa lazima liwe lililobeba vyakula, kama vile mafuta ya kupikia au maji ya matunda. Lililobeba dawa za kiwandani halifai hata likioshwa mara mia. Vyombo vya bati na mabeseni ya chuma kilichopakwa zinki havifai vilevile, maana zinki huyeyuka ndani ya maji na kumuua samaki polepole, na shaba ni mbaya zaidi. Birika la saruji ni zuri, ila likiwa jipya hutoa chokaa. Hapana budi lijazwe maji na kumwagwa mara nyingi kwa majuma kadhaa kabla ya kutiwa kiumbe.

Mwenye uwezo wa kununua tangi la kioo na alinunue, kwa kuwa hapana kizuri cha kutazama usiku kulizidi. Mafundi wa vioo wa Nairobi huunganisha matangi kwa gundi ya silikoni. Hesabu yake ni nyepesi: urefu mara upana mara kimo, kwa sentimeta, kisha gawanya kwa elfu moja. Tangi la urefu wa sentimeta 90, upana 40 na kimo 40 huchukua lita 144. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja. Ukiongeza kioo na changarawe, mzigo unapita uzito wa mifuko mitatu ya saruji, na kabati la redio haliwezi kuustahimili. Mafundi wa chuma wa Kamukunji waweza kutengeneza kitako imara cha miguu minne. Chini ya tangi na litandikwe godoro jembamba la sponji, ili kioo kisipasuke kwa sababu ya kichuguu kidogo cha mbao.

Katika nyumba ya chumba kimoja au viwili, mahali pa kuliweka ni swali kubwa kuliko bei. Pasiwe dirishani palipo na jua la moja kwa moja, maana maji yatapata moto mchana, nayo yatageuka kijani kibichi kama bwawa la ng'ombe. Pasiwe karibu na jiko la mkaa wala la mafuta ya taa. Tena pasiwe mahali panapopulizwa dawa ya mbu, mende au kunguni. Jambo hili litiwe moyoni, maana nyumba za upande wa Mashariki hupulizwa dawa mara nyingi, na dawa nyingi za namna hiyo zimetokana na pareto, au zimetengenezwa viwandani kwa kuiga nguvu ya pareto. Wakulima walioipanda pareto huko Kisii, Nakuru na Nyandarua wanajua kwamba ua lile jeupe halimdhuru ng'ombe wala mwanadamu kwa urahisi, lakini huua wadudu. Samaki, kwa habari ya sumu hiyo, yu upande wa wadudu. Siku ya kupuliza, chombo kifunikwe kwa nguo yenye maji, pampu izimwe, au bora zaidi kitolewe nje mpaka jioni, ikiwa kinabebeka.

Habari ya maji ndiyo nzito kuliko zote. Maji ya bomba ya Nairobi kwa sehemu kubwa hutoka katika bwawa la Ndakaini, kule Murang'a, lililomalizwa mwaka 1994 na kuchukua mita za ujazo milioni 70. Ni maji mema, mororo, ya mito ya milima ya Aberdare. Lakini kabla ya kufika bombani hutiwa klorini ili kuua viini vya magonjwa, na klorini haitofautishi kati ya kiini cha kipindupindu na shavu la samaki. Dawa yake ni subira. Maji yakikaa katika ndoo iliyo wazi usiku na mchana mmoja, klorini huruka na kutoweka. Mwenye haraka aweza kununua matone ya kuiondoa, yauzwayo katika maduka ya wanyama wa nyumbani.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Kila mkaaji wa mitaa hiyo ananung'unikia mgawo wa maji, kwa kuwa bomba hutoka siku fulani fulani tu, na kila nyumba imejipanga kwa mapipa na mitungi. Walakini maji yaliyokaa katika pipa lililo wazi siku mbili au tatu ndiyo hasa ayatakayo samaki. Shida ya mama wa nyumba imegeuka kuwa matayarisho ya samaki. Lakini mtungi uliofungwa kizibo hauachi klorini itoke, kwa hiyo maji ya mtungi yamiminwe katika ndoo kwanza, nayo ndoo iwe na kifuniko cha wavu ili mbu wasitage humo.

Maji yanayouzwa kwa mikokoteni ni fumbo, kwa kuwa muuzaji mwenyewe hajui siku zote yametoka wapi. Ya visima vilivyochimbwa kwa mashine mara nyingi huwa na chumvi na floridi nyingi. Akiyatumia mtu kwa dharura, atie kidogo kidogo na kumtazama samaki. Badiliko la ghafula humdhuru kuliko maji yenyewe.

Kwa upande wa baridi na joto, Nairobi ina bahati. Samaki wa dhahabu ni kiumbe wa maji ya kiasi, ambaye hustarehe kati ya nyuzi 18 na 22, na nyumba ya Nairobi humpa hali hiyo karibu mwaka mzima pasipo mashine ya kupasha moto. Hata Julai, watu wanapovaa makoti, yeye hupunguza tu mwendo na hamu ya kula. Mombasa angeona taabu.

Hata hivyo mwinuko una kodi yake. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa ya huko ni nyepesi, hata maji hushika oksijeni pungufu kwa kiasi cha sehemu moja katika sita kuliko maji yaliyo pwani. Ndiyo maana chombo kipana na kifupi ni bora kuliko kirefu na chembamba, kwa kuwa maji hupumua kwa uso wake. Ndiyo maana pia inafaa kuwa na pampu ndogo ya hewa, ambayo husukuma mapovu kupitia chujio la sifongo. Chombo hicho kimoja hufanya kazi mbili, yaani kuwapa samaki hewa na kuwapa vijidudu nyumba. Umeme ukikatika, na hukatika, samaki wasipewe chakula, nayo maji yatekwe kwa kikombe na kumiminwa kutoka juu, mara kadhaa kila nusu saa. Wako watoto waliofanya kazi hiyo kwa zamu usiku kucha, nao hawakuona kuwa ni adhabu.

Walipokwisha kunywa chai, mzee alifungua chujio lake, akakata kipande cha sifongo kilichojaa uchafu wa rangi ya kahawia, akakitia katika mkebe wa maji ya pipa, akampa mtoto. Mtoto alikunja pua. Akaelezwa kwamba katika uchafu ule wamo vijidudu maelfu kwa maelfu, na kwamba asikioshe kwa maji ya bomba wala kukiacha kikauke, maana vitakufa. Zawadi hiyo, asiyoitamani mtu, ndiyo hufupisha yale majuma ya kungoja. Mfugaji mpya asipojua kitu kingine, na aulize ni nani aliye na sifongo kuukuu.

Basi karani akanunua nusu ya pipa, wakaliosha kwa maji matupu, wakatia changarawe iliyochemshwa, wakalijaza maji yaliyokaa, wakafunga pampu na kile kipande cha sifongo. Kisha, kwa ushauri wa mzee, hawakununua samaki. Kila jioni mtoto alitia chembe chache za chakula ndani ya maji yasiyo na kitu, ili zioze na kuwalisha vijidudu. Majirani walipita wakamwona, wakasema binti wa karani analisha maji. Alivumilia. Baba yake alinunua vijikaratasi vya kupimia, ambavyo hubadili rangi vikichovywa, na kila Jumapili waliandika rangi hizo katika daftari. Juma la pili amonia ilipanda. Juma la tatu ilishuka na nitriti ikapanda. Juma la tano zote mbili zilikuwa sufuri, na nitrati ilikuwapo. Ndipo banda lilipokuwa tayari.

Lakini palibaki jambo ambalo vijikaratasi havikuweza kulipima. Mama alisema wazi, mbele ya nyanya, kwamba haoni haki ya kumwagia samaki maji katika mtaa ambao watu hupanga foleni na ndoo alfajiri. Maneno hayo yalikuwa na uzito, wala si vema kuyapuuza kama wengine wafanyavyo. Mtu anayefuga kiumbe wa anasa katikati ya majirani wenye kiu ana deni la kujieleza.

Hesabu iliyofanywa mezani usiku huo ilikuwa hivi. Bakuli dogo lilitaka kumwagwa lote karibu kila siku, lita nane mara saba, nalo lisingemponya samaki. Pipa la lita 100 lenye vijidudu vyake hutaka kubadilishwa sehemu ya tano tu kwa juma, yaani mtungi mmoja wa lita 20. Na mtungi huo haupotei, maana maji yatokayo yamejaa nitrati. Nyanya, aliyekuwa akisikiliza pasipo kusema neno, ndiye aliyeuliza kama maji hayo yanafaa sukuma wiki. Yanafaa sana. Nje ya nyumba mama alikuwa na magunia matatu yaliyojazwa udongo na kupandwa sukuma wiki na mboga nyingine, nayo alikuwa akiyanywesha mtungi huohuo mmoja kila juma. Sasa maji yangepita kwa samaki kwanza. Mama alifikiri, kisha akasema kwamba atatazama majani yake kwa mwezi mmoja, na yasipoongezeka atatoa hukumu nyingine.

Samaki wawili wadogo wa mikia miwili wakanunuliwa. Mfuko wao ulielea juu ya maji ya pipa robo saa, ili joto lilingane, kisha wakatiwa wenyewe kwa kijinyavu, na maji ya dukani yakamwagwa nje, kwa kuwa huweza kuleta magonjwa. Siku hiyo hawakulishwa. Tangu kesho yake walipewa chembe kidogo asubuhi na jioni, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili. Samaki wa dhahabu hana mfuko wa tumbo kama wa mwanadamu. Chakula hupita katika utumbo moja kwa moja, kwa hiyo ataomba daima, hata akiwa ameshiba. Mkate na ugali asipewe. Njegere moja iliyochemshwa na kumenywa ganda, mara moja kwa juma, humsaidia kutofunga choo. Akionekana anatweta juu ya maji, au amekunja mapezi, au ana madoadoa meupe kama chumvi, jambo la kwanza ni kupima maji na kubadilisha robo yake, kabla ya kukimbilia dawa.

Onyo moja kubwa limebaki. Samaki akizidi chombo, au nyumba ikihamwa, asitupwe katika mto wa Nairobi wala katika bwawa la mtu. Huonekana kama huruma, lakini samaki wa jamii hii hustahimili maji machafu, huzaa kwa wingi na huchimbua matope. Watu wa Naivasha wana ushahidi wao: kapi, ambaye ni ndugu wa samaki wa dhahabu na mgeni kama yeye, alionekana ziwani mnamo mwanzo wa miaka ya 2000, na baada ya miaka michache tu ndiye aliyejaa katika nyavu kuliko samaki wengine wote. Na wale waliochimbiwa mabwawa ya perege katika mpango wa serikali wa mwaka 2009 hawatapenda kupata mgeni asiyealikwa. Mwenye samaki aliyezidi ampe mfugaji mwingine, au amrudishe dukani.

Mwezi ulipokwisha, mama wa Jericho alichuma majani ya sukuma wiki, akayaweka juu ya meza pasipo kusema kitu. Yalikuwa mapana. Samaki wamebaki.

Swali la mwisho huulizwa kila Desemba, jamaa wanapofunga safari kwenda mashambani. Samaki mkubwa mwenye afya aweza kukaa juma zima bila chakula, naye hatapata madhara. Hatari ni jirani mwema aliyeachiwa kikopo, ambaye humwonea huruma na kumlisha kama anavyolisha kuku. Familia ya Jericho ilifunga chembe za kila siku tatu katika kijikaratasi kimoja kimoja, ikamwachia jirani vijikaratasi vitatu tu, na kikopo chenyewe nyanya akakitia katika kikapu chake, wakapanda naye basi.